Aliyegonga wa Tatu

Chungu kililetwa na msichana wa miaka kama kumi na sita, aliyekibeba kichwani kutoka kituo cha basi hadi kwangu Ipyana bila kukishika kwa mkono. Kilikuwa kimefungwa kwa majani makavu ya mgomba, na juu ya majani kitambaa cheusi. Alikitua mlangoni, akapiga magoti, akanisalimu kwa Kinyakyusa, halafu akasema kwa Kiswahili, kama mtu anayesoma barua: "Babu, mimi ni mjukuu wa Bibi Tupokigwe wa Ikombe. Bibi amefariki. Tumemzika Jumatano. Kabla hajakata kauli alisema chungu hiki kipelekwe kwa Mwalimu Ambakisye. Alisema, yeye ndiye aliyekishusha, basi yeye akipandishe." Akanitazama. "Ulikishusha wapi, Babu?" Nikamwambia ale kwanza.

Alikula ndizi na kipande cha samaki wa mbasa kilichobaki asubuhi, na muda wote huo mimi nilikuwa nikifungua majani. Si chungu kikubwa. Mdomoni kina mstari wa alama za ukucha, na mtu aliyewahi kukaa Ikombe angejua ni ukucha wa mama gani, maana kila mfinyanzi kule ana mwandiko wake. Shingoni kimelika kidogo, pale kamba ilipokizunguka. Ndani hakina masizi wala ukoga. Hakijapikiwa wala kutekewa maji. Nilidhani kilivunjika zamani, na kumbe Tupokigwe alikuwa amekitunza tangu akiwa mtoto wa miaka tisa hadi kufa kwake, katika nyumba ambayo vyungu hufinyangwa na kuvunjika kila siku. Nimefundisha shule miaka thelathini na minane. Nimewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko wangu. Ninaandika haya nikiwa bado naona vizuri, na sitazunguka.

Mwaka ule ulianza kwa mashindano ya mitumbwi na ukaishia katika vita vya Wajerumani na Waingereza. Watu wa rika langu wakiutaja hutaja vita. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nikisoma shule ya misheni pale Matema, na ninachokumbuka ni ziwa. Bwana Mkubwa wa boma alikuwa ameagiza kwamba sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari wa Wajerumani, mwishoni mwa Januari, isherehekewe majini. Kila malafyale, yaani chifu, alete mtumbwi mmoja, na sisi wa misheni tulete wetu. Kila mtumbwi uwe na wapiga makafi sita, wala si watano, na nahodha mmoja. Watatoka ufukweni Matema, watazunguka mwamba wa Ikombe, watarudi. Watakaotangulia watasamehewa kubeba mizigo ya serikali mwaka mzima, na nahodha wao atapelekwa shule ya juu, ile ya walimu na makarani.

Waliozaliwa baada ya malori hawawezi kujua neno "mzigo" lilikuwa na uzito gani wakati ule. Askari alikuja na orodha, na aliyeandikwa alikwenda. Aliyekataa alilala kifudifudi akahesabiwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kisha akaenda vilevile. Rafiki yangu Lwitiko, tuliyekaa naye benchi moja, alikuwa amebeba mwaka uliotangulia, kupanda milima ya Ukinga, akarudi na bega moja limeshuka kuliko lingine, na usiku alikohoa kama mzee. Jina lake lilikuwa limeandikwa tena. Alikuwa mtoto wa kiume pekee wa mama mjane, na mama yule alisema mbele yetu sote, bila kulia, "Huyu akiupanda ule mlima mara ya pili, nitaletewa shuka lake." Kwa hiyo Lwitiko alitaka kushinda ili aishi. Mimi nilitaka kushinda ili nisome. Wakati ule niliona kwamba ni jambo moja.

Sikufanywa nahodha kwa sababu ya kujua maji. Mimi ni mtoto wa mashamba ya mpunga; maji yakipita magoti yangu nilikuwa naanza kuomba. Nilichaguliwa kwa kuwa nilijua kuhesabu kwa Kijerumani, na mkuu wa shule yetu aliona Bwana Mkubwa atafurahi kusikia mtumbwi wa watu weusi ukija huku nahodha anaita "ains, tsvai, ains, tsvai." Vijana wa ziwani hawakunisamehe. Ndimbwelo, aliyekaa mbele kabisa, alikuwa na ulimi kama wembe. "Gwe mtu wa mpunga," aliniambia siku ya kwanza, "ukianguka, usitafute tuta la kusimamia. Huku hatulimi." Wengine wakacheka mpaka mtumbwi ukayumba, nami nikashika kingo mbili kwa mikono miwili, na wakacheka tena.

Mtumbwi wenyewe ulikuwa wa marehemu baba yake Lwitiko. Ulichongwa kwa ajili ya kupeleka vyungu sokoni, kwa hiyo ulikwenda umenyooka na kwa upole, na hakuna uliokuwa mwepesi kama ule kwenye ufuko wote. Ulikuwa na nafasi sita, na nafasi ya tatu kutoka mbele ilikuwa imekaliwa na chungu. Nilipouliza, Lwitiko alinieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu amelala karibu. Baba yake alianguka kutoka nafasi ile mvua zilizopita, na hakuonekana. Kwa ukoo wao, aliyezama bila kupatikana bado ni abiria. Mke wake hufinyanga chungu, hukiweka mahali pake kikiwa kitupu, na mtumbwi huenda nacho kila safari hadi mvua za mwaka wa pili ziishe. Ndipo mke mwenyewe hukizamisha, na kilio kinaisha. Kabla ya hapo hakuna anayekaa pale. Mvua za mwaka wa pili zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza.

Ni Lwitiko pia aliyenifundisha kugonga. Ziwa la Nyasa lina ukungu wake wa asubuhi, na lina kitu kibaya kuliko ukungu: kungu, wadudu wadogo kuliko mbu, wasiouma, wanaotoka majini kwa wingi usiohesabika na kusimama juu ya ziwa kama nguzo za moshi. Mtumbwi ukiingia ndani yake, macho na midomo hufungwa, na mtu hamwoni aliye mbele yake. Hapo nahodha hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi lake, mara moja. Wa kwanza hujibu kwa pigo moja, kisha wa pili, hadi wa mwisho. "Asiyegonga yuko majini," Lwitiko alisema. "Mtumbwi unasimama. Halafu wote mnagonga, mnagonga, hamuachi, kwa sababu aliyeanguka hana macho tena, ana masikio tu. Mlio ndio ufuko wake." Nikamuuliza juu ya nafasi ya tatu. "Baba? Tunamwachia kimya chake." Na kweli, tulipojizoeza katika ukungu, ilikuwa: moja, mbili, kimya, nne, tano, sita. Mimi nilikichukulia kama daftari la mahudhurio. Lakini mara moja, ukungu ulipokuwa mwepesi kidogo, niliona kwamba katika kile kimya vijana wote walikuwa wameinamisha vichwa upande mmoja, kama watu wanaosikiliza mlango.

Wiki mbili za mazoezi nililala Ikombe, katika nyumba ya vyungu. Vilipangwa hadi karibu na paa, vinywa vikitazama mlango, na alfajiri upepo wa ziwa ulipopenya kwenye matete vyote viliimba, kila kimoja kwa sauti yake, chini sana. Mara ya kwanza nilidhani ni kanisa. Mchana mama yake Lwitiko alifanya kazi pale nje, akilizunguka donge la udongo kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mmoja nje, na Tupokigwe, binti yake mdogo, alimfuata na kibuyu cha maji bila kusema neno. Mama yule alinipenda. Alinilisha ugali wa muhogo na mikate ya kungu waliopondwa na kukaushwa juani, myeusi, yenye ladha ya samaki na moshi. Nilipokunja uso alicheka. "Kula, mwanangu. Hawa wakikuwahi ziwani watakula wewe. Wawahi."

Asubuhi moja, vyungu vilipokuwa vimenyamaza, nilimsikia akiongea na wifi yake upande wa pili wa ukuta. "Yule kijana wa mpunga anataka chungu kishuke," alisema.

"Amesema?"

"Hajasema. Anakitazama kama mtu anavyotazama mgeni aliyekaa kupita kiasi."

"Bwana Mkubwa anataka sita, wifi. Wakiwa watano hawahesabiwi. Na Lwitiko akirudi mlimani..."

"Najua atakavyorudi. Lakini mume wangu bado amekaa pale. Mtu akiwa amekaa, humkalii mapajani."

Nilisikia neno kwa neno. Siku ya mashindano, kabla jua halijapanda vizuri, tulikuwa ufukweni saba, wapiga makafi sita na mimi, kwa nafasi tano na chungu. Lwitiko alikaa mchangani, akisugua lile bega lake. Alisema hatakigusa. Nami nikamwambia aliyotaka mtu amwambie: kwamba sisi tumebatizwa, kwamba hicho ni udongo na maji na moto, kwamba baba yake mwenyewe angependa mwanawe asibebe mizigo. Kisha nikafungua ile kamba, nikakinyanyua. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotazamia, na cha baridi. Nilikipeleka kwenye matete, nikakiegemeza, na nilipogeuka nilimkuta Tupokigwe amesimama na kibuyu chake. Nikaweka kidole midomoni. Hakukubali wala hakukataa. Lwitiko alikuwa amekwisha kuingia na kukaa nafasi ya tatu. "Kama ni lazima mtu akae," alisema, "basi nikae mimi. Ni baba yangu."

Matema kulikuwa na bendera, askari waliopiga tarumbeta, na watu wengi kuliko niliowahi kuona mahali pamoja. Akina mama wa Ikombe walikuja kwa mitumbwi yao, mama yake Lwitiko na Tupokigwe wakiwa miongoni mwao, mama amejifunika kanga hadi machoni. Wapinzani walikuwa sita. Wa mtumbwi uliokuwa ubavuni mwetu walipomwona nahodha wetu walipiga yowe la furaha. "Ndimbwelo! Umeleta mzigo wa mchele?" Ndimbwelo akawajibu, "Huu ni mchele wa Kijerumani, unahesabu wenyewe!" Bunduki ikalia. Sikumbuki mengi ya kwenda. Nakumbuka migongo sita ikiinama na kuinuka, na kwamba kwa mara ya kwanza mtumbwi ule ulikwenda na uzito wake kamili, na ulikwenda vizuri mno, kana kwamba maji yalikuwa yakiteremka kuelekea tunakokwenda. Tulipouzunguka mwamba wa Ikombe hapakuwa na mtu mbele yetu.

Hapo ndipo nilipoiona nguzo ya kungu. Ilitoka upande wa kina kirefu, kahawia, pana chini na pana juu, nayo ilikuwa ikija. Nilitazama nyuma: mitumbwi mingine ilikuwa imegeuza vichwa kuelekea ufukoni, kusubiri ipite. "Nahodha," Ndimbwelo aliita, na safari hii hakukuwa na mzaha, "tukae pembeni." Ni kweli kwamba wote wangesubiri sawa, na tulikuwa tumewatangulia. Lakini niliogopa kwamba upepo ungewafungulia wao njia kwanza. Nikawaambia, "Pigeni. Fungeni vitambaa usoni mmoja mmoja, kuanzia mbele, wengine msiache kupiga." Hiyo ndiyo amri niliyotoa. Wa kwanza akafunga, na wa pili. Nilimwona Lwitiko akiweka kafi lake chini, kati ya miguu yake, akiinuka kidogo kuvuta kitambaa kiunoni. Kisha mchana ukawa wa rangi ya chai, nami nikafumba macho.

Kungu hawana mlio wa nyuki. Ni kama mvua unayoisikia ikija bila kufika. Waliingia masikioni, puani, chini ya kope. Nilivuta shati langu mdomoni na kuendelea kuhesabu ndani ya kitambaa, na katikati ya hesabu nilisikia kitu kikiingia majini, bila kelele, kama mkungu wa ndizi ulioachiwa polepole. Mtumbwi ukayumba mara moja. Nikagonga. Wa kwanza akagonga. Wa pili akagonga. Pakawa na kimya cha urefu ule ule tuliokuwa tumeuzoea. Halafu wa tatu akagonga.

Aligonga chini. Mlio haukutoka kwenye ukingo, ulitoka karibu na maji, na haukuwa wa mti kwa mti. Ulikuwa mzito na mlaini, mlio wa kiganja. Kisha wa nne, wa tano, wa sita. Hesabu ilikuwa imetimia. Mwili wangu ulijua kabla haijatimia. Nilisema, "Wote wapo! Pigeni!" Akagonga tena, ingawa haikuwa zamu yake. Nikaita ains. Akagonga karibu zaidi, mara mbili. Nikaita tsvai, kwa sauti iliyofunika ule mlio, na nikaendelea kuita hivyo, kwa nguvu, mpaka hapakuwa na kitu cha kufunika.

Tulitoka kwenye mwanga karibu kabisa na ufuko. Tarumbeta zilipigwa, watu wakaingia majini na nguo zao kutupokea. Ndimbwelo alivua kitambaa, akageuka ili acheke, na sikumwona akicheka tena mwaka ule. "Lwitiko yuko wapi?" Nafasi ya tatu ilikuwa tupu. Kafi lilikuwa palepale alipoliweka, limefunikwa na kungu kutoka mpini hadi bapa, kama lililovikwa manyoya. Makafi mengine yote yalikuwa safi. Mama yake alitoa sauti ambayo sitaiandika. Kila mwenye mtumbwi aliingia ziwani, hata wale wapinzani wetu waliokuwa ndiyo kwanza wanafika, na mimi nilibaki, kwa kuwa sikujua kuogelea, kulinda mtumbwi wetu.

Ndipo nilipouzunguka kwa nje. Ubavu ulikuwa umeganda kungu waliolowa, mweusi wote, na chini ya nafasi ya tatu palikuwa na alama ya kiganja, vidole vinne na gumba. Kutoka pale mistari minne ilikwenda nyuma, ikipita nafasi ya nne, ya tano, ya sita, mahali pengine imekatika na kuanza tena, mpaka mwisho wa mtumbwi, mahali pangu. Pale palikuwa na alama mbili, za mikono miwili. Yeyote aliyekuwa amekaa pale angeweza kunyoosha mkono bila kuinuka. Nilichota maji kwa viganja nikamwagia, nikafuta kwa shati, nikachota tena, mpaka mti ukabaki mti. Nilipoinua kichwa, Tupokigwe alikuwa amesimama majini hadi magotini, hatua tatu kutoka kwangu.

Hakupatikana, siku ile wala wiki ile. Bwana Mkubwa alinipa mkono, mkavu, akasema ahadi ni ahadi. Wazee wa Ikombe walipokuta chungu kwenye matete hawakuuliza mengi. Ndimbwelo na wenzake waliapa kwamba katika kungu walimsikia wa tatu akigonga, tena zaidi ya mara moja, wakati Lwitiko alikuwa amekwisha kwenda. Basi ilikuwa wazi nani aligonga. Baba amekuja kudai kiti chake, amemkuta mwanawe mapajani, amemchukua. Na aliyeruhusu chungu kishuke ni nani, kama si mama, kwa hofu ya mizigo? Waliniuliza mimi, msomi. Mimi niliyemwambia Lwitiko kwamba ule ni udongo tu, nilijibu, "Nasikia ndivyo ilivyo kwa ukoo wao." Nilimbebesha marehemu dhambi yangu, na mjane wake nikambebesha iliyobaki. Mwaka ule hakuna mwanamke sokoni Matema aliyenunua chungu chenye ukucha ule. Mjane alivileta vyungu vyake kila Jumamosi, akavirudisha kila Jumamosi. Walisema uji unaopikwa humo utaita watoto ziwani.

Mimi nilikwenda shule. Nilijifunza hesabu za kweli na mwandiko huu ninaoandika nao. Mwezi wa Agosti vita vikaja, shule ikafungwa, na msamaha wa mizigo ukafutwa kwa siku moja. Ndimbwelo na wale wengine wanne walichukuliwa kubeba risasi, na aliyerudi ni mmoja. Baada ya vita nilimalizia masomo kwa Waingereza. Katika miaka yangu yote ya ualimu, nilipoita majina asubuhi, sikukubali mtoto anijibu tu "nipo." Niliinua macho hadi niuone uso wake. Walinicheka kwa hilo, waliniita Mwalimu Nikuone. Na Tupokigwe nilikutana naye mara nyingi, kanisani, sokoni, misibani. "Ugonile, Mwalimu," alinisalimu kila mara. "Ndaga," nilijibu. Mara moja tu, tukiwa wazee wote wawili, aliniuliza kitu kingine. Alikuwa akinifungia kikaango nilichonunua. "Mwalimu," alisema bila kuinua uso, "ile hesabu yako bado ni sita?" Nilichukua kikaango nikaondoka.

Msichana alipomaliza kula nilimwambia alale, na siku ya pili yake nilivaa koti, tukaondoka pamoja. Ikombe walinipokea katika ua uleule. Nilisimama mbele ya watoto na wajukuu wa Tupokigwe nikasema yote haya, pamoja na zile alama. Mwanawe mkubwa, mwanamume mwenye mvi tayari, alisikiliza akitazama chini.

"Mama alitukataza kukuuliza," alisema mwishoni. "Alisema atasema mwenyewe, au hatasema."

"Nimechelewa, mwanangu."

"Umechelewa. Bibi yetu mzaa mama alikufa akiitwa aliyemuuza mwanawe." Akaniangalia sasa. "Basi useme na sokoni, Mwalimu. Pale pale walipovikataa vyungu vyake."

Jumamosi nilisema sokoni Matema, nimesimama kwenye kreti la soda, kwa sauti yangu ya darasani. Wengi hawakujua ninamzungumzia nani. Wazee wachache walijua. Mwanamke mmoja mkongwe alinitemea mate mbele ya miguu, kisha akaenda akanunua chungu alichokuwa akiuza yule mjukuu wa Tupokigwe, akakibeba kifuani.

Asubuhi iliyofuata vijana watano wa nyumba ile walinipeleka majini, mmoja wao nahodha. Nilikipandisha chungu mwenyewe, nafasi ya tatu, nikakifunga kwa kamba mpya, nami nikakaa mwisho karibu na nahodha, mahali nilipokaa zamani. Tulipoupita mwamba ukungu ulishuka. Nahodha nyuma yangu akagonga. Moja. Mbili. Wakakiacha kile kimya. Kabla wa nne hajagonga nilisema, "Wa tatu hayupo. Simameni."

"Babu," alisema nahodha kwa upole, "ndiyo desturi, wa tatu hagongi."

"Hayupo, nimesema. Yuko majini. Simamisha, mgonge."

Hawakubishana. Mtumbwi ukapoteza mwendo, nasi sote tukagonga ubavu, makafi na viganja, bila mpangilio, kwa muda mrefu sana, hadi mkono wangu ukavimba. Kisha nikakifungua chungu, nikakishusha majini. Kilielea kidogo, kikanywa, kikaenda. Nikawaonyesha kwa mkono wanyamaze.

Kitu kiligusa mtumbwi kwa chini, mara moja. Kijana wa mbele aligeuka kunitazama, akasema haraka, "Jiwe hilo, Babu." Pale mlima unaingia ziwani wima, na hakuna mtu aliyewahi kufika chini yake kwa kamba. Nilimjibu ndiyo, huenda ni jiwe. Nikakunja mkono wa koti, nikanyoosha mkono wangu nje ya mtumbwi, nikauzamisha hadi kwenye kiwiko, nikauacha pale.